Hisabati ya fedha: ni somo gani, linasomwa wapi, na kijana wa Vigwaza alifikie vipi

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, mtoto aliyefaulu Hesabu huambiwa mambo mawili: akawe mwalimu au akawe mhandisi. Zote ni kazi njema. Lakini ipo njia ya tatu ambayo haitajwi sana vijijini, nayo ni hisabati ya fedha pamoja na ndugu yake wa karibu, takwimu bima. Wenye elimu hii ndio wanaokokotoa bei ya bima ya mazao, mafao ya mstaafu, riba ya mkopo na thamani ya hatifungani za Serikali.

Katika makala hii tunaeleza somo hili ni nini, lina uzito gani, linasomwa wapi na linahitaji nini. Jambo moja tunalisema mapema kwa sababu lina muda wake. Mlango wa somo hili haufungwi chuo kikuu. Unafungwa kidato cha nne, pale mwanafunzi anapochagua tahasusi isiyo na Hisabati ya Juu.

Somo linahusu nini

Tuanze na jambo tunalolijua. Mkulima ana shida ya ada mwezi Februari, na mahindi yake bado yako shambani. Mnunuzi anamwambia: chukua Sh 40,000 leo, gunia nitalifuata Julai. Julai inafika, gunia lina bei ya Sh 80,000.

Mkulima huyu anaweza kudhani aliuza gunia kwa bei mbaya tu. Kwa macho ya hisabati ya fedha, alikopa Sh 40,000 na akalipa Sh 80,000 baada ya miezi mitano. Hiyo ni riba ya asilimia 100 ndani ya miezi mitano. Mnunuzi naye alibeba hatari, maana mvua ingeweza kukatika, au bei ikaanguka. Sasa, katika ile faida ya Sh 40,000, kiasi gani ni malipo ya kusubiri? Kiasi gani ni malipo ya kubeba hatari? Na kiasi gani ni kumkamua mwenye shida? Maswali hayo matatu ndiyo somo lenyewe.

Malipo ya kusubiri ndiyo hesabu nyepesi kuliko zote. Ukiweka Sh 1,000,000 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwaka, baada ya mwaka mmoja una Sh 1,100,000, na baada ya miaka miwili una Sh 1,210,000. Hesabu hiyo husomwa pia kinyumenyume: mtu akikuahidi Sh 1,210,000 baada ya miaka miwili, na riba ni hiyo hiyo, ahadi yake leo ina thamani ya Sh 1,000,000. Hatifungani za Serikali zinazouzwa na Benki Kuu, ambazo mwananchi anaweza kushiriki mnada wake kuanzia Sh 1,000,000, hupimwa kwa njia hii. Zipo za miaka 2 na zipo za hadi miaka 25.

Ugumu unaanzia kwenye hatari

Chukua wafugaji 100, kila mmoja ana ng'ombe mmoja aliyemkatia bima. Tuseme kwa wastani ng'ombe 1 kati ya 20 hufa kwa mwaka kwa ugonjwa wa kawaida. Mfuko utegemee vifo vitano. Mwaka mwingine vitakuwa viwili, mwingine vinane, lakini ni nadra sana kufika 15. Mfuko wa namna hii ni rahisi kuuendesha kwa sababu ng'ombe wa huyu akifa, wa jirani hafi kwa sababu hiyo.

Sasa chukua wakulima 100 wa mahindi, kila mmoja ametumia Sh 300,000 kwenye ekari yake. Tuseme ukame unapiga mwaka 1 kati ya 5. Kwa hesabu ya haraka, kila mmoja achangie sehemu ya tano ya gharama yake, yaani Sh 60,000. Mfuko unakusanya Sh 6,000,000. Lakini ukame ukija mwaka wa kwanza tu, haumpigi mkulima mmoja mmoja. Unawapiga wote mia kwa pamoja, na mfuko unadaiwa Sh 30,000,000. Umepungukiwa Sh 24,000,000, na umekufa kabla haujatimiza mwaka.

Mifano hii miwili inaonyesha kwa nini bima ya mazao ni ngumu kuliko bima ya moto au ya gari. Hatari zinazokuja mmoja mmoja hujazana zenyewe. Hatari inayokuja kwa wote siku moja inahitaji akiba kubwa, au kampuni ya bima inayokata bima kwa kampuni nyingine kubwa zaidi nje ya eneo lile, jambo linaloitwa bima mtawanyo. Kukokotoa akiba hiyo iwe kiasi gani, bila kumtoza mkulima bei asiyoiweza, ni kazi ya mtakwimu bima.

Kenya wana mfano unaowahusu wafugaji moja kwa moja. Mwezi Januari 2010 ilizinduliwa huko Marsabit bima ya mifugo inayofuata kipimo cha malisho. Hakuna mtu anayekwenda kuhesabu mizoga. Setilaiti hupima ukijani wa malisho kutoka angani, na ukijani ukishuka chini ya kiwango kilichokubaliwa, wenye bima hulipwa. Malipo ya kwanza yalitoka mwaka 2011 baada ya ukame mkubwa. Mpango huo una kasoro yake pia: mfugaji anaweza kupoteza ng'ombe wakati setilaiti inasema malisho yapo, asilipwe kitu. Kupunguza kasoro hiyo ni hesabu za uwezekano na takwimu, na wanaozijua ni watu waliosoma somo hili.

Kununua haki ya kuuza

Upo mkataba mwingine ambao wataalamu wameusumbukia kwa muda mrefu. Mfanyabiashara anamwambia mkulima wa ufuta: nilipe Sh 100 kwa kilo leo, nami nakuahidi kwamba wakati wa mavuno nitanunua ufuta wako kwa Sh 3,000 kwa kilo ukitaka. Bei ya mnada ikiwa Sh 3,800, hulazimiki kuniuzia, nenda mnadani. Ikiwa Sh 2,200, njoo kwangu nikupe Sh 3,000.

Mkulima amenunua haki, hakununua wajibu. Je, Sh 100 ni bei halali ya haki hiyo, au ilistahili kuwa Sh 250? Inategemea bei ya ufuta huyumba kiasi gani, mavuno yako mbali kiasi gani, na riba ya benki ni ngapi.

Mwaka 1900, jijini Paris, Louis Bachelier alitetea tasnifu iliyotumia hesabu za uwezekano kueleza jinsi bei zinavyoyumba sokoni. Mwaka 1973 Fischer Black na Myron Scholes walichapisha kanuni ya kukokotoa bei ya mikataba kama hiyo, na Robert Merton akaipanua. Mwaka 1997 Scholes na Merton walipewa tuzo ya Nobel ya uchumi. Black alikuwa amefariki mwaka 1995.

Mwaka mmoja tu baada ya tuzo, mwaka 1998, mfuko wa uwekezaji wa Marekani uitwao Long-Term Capital Management, ambao Scholes na Merton walikuwa miongoni mwa washirika wake, ulianguka, ikabidi kundi la mabenki liuokoe. Kanuni zake zilitegemea kwamba masoko yataendelea kuyumba kwa kiwango kilichozoeleka, na mwaka ule hayakufanya hivyo. Wanafunzi hufundishwa kisa hiki ili wajue kwamba kanuni ni chombo, si utabiri.

Kikokotoo: mfano ulio karibu na kila nyumba

Msikilizaji anaweza kusema haya ni ya mabenki na Marekani. Basi tuseme kuhusu kikokotoo cha mafao, kilichowagusa walimu, wauguzi na watumishi wa halmashauri mpaka vijijini.

Chukua mtumishi anayestaafu baada ya miezi 360 ya kuchangia, yaani miaka 30, na wastani wa mshahara wake wa kukokotolea ni Sh 1,000,000 kwa mwezi. Kwa kanuni iliyotumika zamani katika mfuko wa PSPF, mshahara wa mwaka, Sh 12,000,000, ulizidishwa kwa miezi 360 na kugawanywa kwa 540. Pensheni ya mwaka ikawa Sh 8,000,000. Nusu yake ilizidishwa kwa 15.5, akapewa mkupuo wa Sh 62,000,000. Nusu nyingine alilipwa kila mwezi, Sh 333,333.

Kwa kanuni iliyoanza Julai 2022 kwa mifuko yote, kigawanyo ni 580, mkupuo ni asilimia 33, na kizidisho ni 12.5. Mtumishi yule yule anapata mkupuo wa takriban Sh 30,724,000, na pensheni ya mwezi ya takriban Sh 415,900.

Kila mwezi anapata zaidi ya zamani kwa kama Sh 82,500. Lakini mkupuo umepungua kwa zaidi ya Sh 31,000,000. Ukigawanya pengo la mkupuo kwa nyongeza ya mwezi, bila kuingiza riba wala mambo mengine, inachukua takriban miezi 379 kulifidia. Hiyo ni zaidi ya miaka 31 baada ya kustaafu.

Serikali ilieleza kwamba shabaha ni mfuko uweze kuwalipa wastaafu wa leo na wa kesho. Watumishi walilalamika, na mwaka 2024 mkupuo ukapandishwa hadi asilimia 40 kwa waliokuwa wakipata asilimia 50 zamani, na asilimia 35 kwa waliokuwa wakipata asilimia 25.

Hatusemi hapa nani alikuwa na haki. Tunachosema ni kwamba mjadala wote ulikaa juu ya namba tatu au nne, na nyuma ya kila namba kuna dhana: wastaafu wataishi miaka mingapi, michango itakua vipi, uwekezaji wa mfuko utazaa kiasi gani. Anayezijua dhana hizo anaweza kuuliza swali linalojibika. Asiyezijua hubaki na kulalamika tu. Ndiyo maana ni hasara kwa vijiji vyetu kukosa watu waliosoma mambo haya.

Chuoni wanasoma nini

Shahada ya kwanza huchukua miaka mitatu. Mwaka wa kwanza ni hisabati tupu kwa sehemu kubwa: kalkulasi, aljebra, uwezekano na takwimu, pamoja na misingi ya uchumi na uhasibu. Mwaka wa pili na wa tatu huja hesabu za riba, hesabu za maisha na vifo, nadharia ya hatari, na hesabu za mambo yanayobadilika kwa bahati nasibu kadiri muda unavyokwenda, kama bei ya ufuta au kiwango cha mvua.

Kompyuta ni lazima. Mwanafunzi hujifunza kuandika programu, mara nyingi kwa lugha za R na Python, kwa sababu hesabu za watu laki moja hazifanywi kwa kalamu. Likizo huwa na mafunzo kwa vitendo katika kampuni za bima, mabenki au mifuko ya hifadhi ya jamii.

Wengi wanaoshindwa hukwama mwaka wa kwanza. Hisabati ya chuo haikubali kukariri. Aliyefika kidato cha sita kwa kukariri majibu ya mitihani iliyopita ataona tofauti mapema.

Linasomwa wapi

Jijini Dar es Salaam, shahada ya takwimu bima inatolewa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kampasi ya Mlimani, na Chuo cha Usimamizi wa Fedha, IFM, kilichoanzishwa mwaka 1972. Katika mfumo wa maombi utaiona kwa jina lake la Kiingereza, Actuarial. Hii ndiyo shahada ya kwanza iliyo karibu zaidi na hisabati ya fedha hapa nchini. Mwanafunzi pia anaweza kusoma shahada ya hisabati au takwimu, kisha akaingia hisabati ya fedha katika shahada ya uzamili.

Nje ya nchi lakini si mbali, Chuo Kikuu cha Strathmore jijini Nairobi kina shahada ya uzamili ya hisabati ya fedha. Ada yake ni kubwa, kwa hiyo wengi wanahitaji ufadhili.

Bagamoyo yenyewe iliwahi kuwa na kituo cha AIMS, taasisi ya Afrika ya sayansi za hisabati iliyoanzishwa Afrika Kusini mwaka 2003. Kituo cha Tanzania kilifunguliwa mwaka 2014 na kikafundisha shahada ya uzamili kwa vijana wa nchi mbalimbali za Afrika. Sasa hakipo tena Bagamoyo, lakini AIMS inaendelea katika nchi nyingine, ikiwemo Rwanda, na imekuwa ikitoa ufadhili kwa wanafunzi inaowapokea.

Tahasusi ndiyo ufunguo

Kwa kawaida, kozi hizi hudai mwanafunzi awe amefaulu Hisabati ya Juu kidato cha sita kwa kiwango cha principal. Tahasusi zinazojulikana zaidi zenye somo hilo ni PCM, EGM na PGM. Serikali imeongeza tahasusi nyingine kuanzia mwaka 2024, hivyo soma orodha mpya shuleni.

Wengi hujikwaa hapa. Somo la BAM, linalosomwa na wanafunzi wa tahasusi nyingine, si Hisabati ya Juu. Mtoto anayesoma ECA anaweza kuwa hodari wa uchumi na uhasibu, akaja kugundua baada ya miaka miwili kwamba kozi anayoitaka inadai hisabati ambayo hakuisoma. Ndiyo maana tunasema mlango unafungwa kidato cha nne. Kabla fomu ya uchaguzi haijajazwa, mzazi amuulize mwalimu wa taaluma: tahasusi hii ina Hisabati ya Juu? Na shule anayokwenda ina mwalimu wa somo hilo?

Masharti ya kila kozi hutolewa upya kila mwaka katika mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Unasomeka kwa simu. Usitegemee mwongozo wa mwaka juzi.

Ada na mkopo

Bodi ya Mikopo, HESLB, hupokea maombi kwa mtandao. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA, na yatima huambatanisha vyeti vya vifo vya wazazi navyo vikiwa vimehakikiwa. Kazi hii isingoje dirisha la mkopo lifunguliwe, maana jina moja lililokosewa herufi linaweza kula wiki nzima. Vilevile upo ufadhili wa Samia, ulioanza mwaka wa masomo 2022/23, kwa waliofaulu kwa kiwango cha juu sana masomo ya sayansi kidato cha sita.

Mkopo ni deni. Mnufaika akiajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi mpaka deni liishe. Ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa mwaka 2021, na hilo limepunguza mzigo.

Kazi zipo?

Zipo, lakini tusidanganyane. Waajiri ni kampuni za bima, mifuko ya hifadhi ya jamii, mabenki, Benki Kuu, mamlaka ya bima TIRA na kampuni za ushauri, na sehemu kubwa wako Dar es Salaam na Dodoma. Malori yanayopita mizani ya Vigwaza na mizigo inayokwenda Bandari Kavu ya Kwala vinahitaji bima, lakini bei yake haikokotolewi barabarani hapa.

Mwenye shahada peke yake anaweza kuanza kama mfanyakazi wa kawaida wa benki. Anayetaka kuitwa mtakwimu bima kamili huendelea na mitihani ya taaluma inayosimamiwa na taasisi za Uingereza au Marekani. Ni karatasi nyingi, hulipiwa kwa fedha za kigeni, na huchukua miaka. Faida yake ni kwamba waliofika mwisho ni wachache.

Msichanganye na "forex" za kwenye simu

Somo hili halifundishi kutajirika kwa wiki mbili. Anayekuja kijijini au kwenye kundi la WhatsApp akisema ana "hesabu maalumu" za kuzalisha fedha, mpimeni kwa hesabu ya darasani. Upatu unaotaka kila mtu alete wawili huanza na 2, kisha 4, kisha 8. Mzunguko wa 26 unahitaji watu wapya 67,108,864. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120. Watu wanakwisha kabla ahadi hazijakwisha, na wa mwisho kuingia ndio wanaolia. Wengi wanakumbuka DECI, iliyosimamishwa mwaka 2009.

Ya kufanya, kwa ufupi

Mwanafunzi wa kidato cha pili na cha tatu: fanya hesabu kila siku, na Kiingereza usikiache, maana masomo yote chuoni ni kwa Kiingereza.

Wa kidato cha nne: chagua tahasusi yenye Hisabati ya Juu, hata kama bado hujaamua kozi. Itakuacha na milango mingi wazi, ukiwemo uhandisi na ualimu.

Wa kidato cha sita: soma mwongozo wa TCU wa mwaka huu, linganisha masharti ya vyuo viwili au vitatu, na andaa nyaraka za mkopo mapema.

Mzazi: hakiki cheti cha kuzaliwa cha mtoto sasa. Na mtoto wa kike akipenda hesabu, asiambiwe ni somo la wavulana. Kinachotakiwa katika kazi hii ni utulivu, uaminifu na kichwa kinachouliza maswali.